Kusomea Uhandisi kwa Njia ya Masafa Huku Ukiwa Kazini



Ndugu wanafunzi, wazazi na walimu wenzangu, nilipotakiwa kuandika katika toleo hili nilikuwa na jambo jingine moyoni. Nimeliacha kwa ajili ya kijana mmoja aliyesoma hapa hapa madrasani kwetu tangu akiwa na juzuu amma mkononi. Mwaka juzi, mwezi wa Shaabani, alinijia baada ya Magharibi akaniambia, "Maalim, nataka kuwa injinia, na kazi siwezi kuacha."

Kijana huyu ni fundi umeme katika kiwanda kimoja cha hapa Tanga. Ana cheti cha ufundi cha VETA, miaka saba ya kazi, na mke na watoto. Kila baada ya muda kiwandani kwao huletwa kijana aliyetoka chuo kikuu na shahada yake, naye huambiwa amtembeze amwonyeshe mota iko wapi, kebo inapita wapi na swichi ipi haitaki kuguswa wakati wa mvua. Baada ya miezi sita yule mgeni huwa mkubwa wake. "Sina kinyongo naye, Maalim," aliniambia, "kwani naye kasoma. Lakini mimi ndiye ninayemwonyesha."

Mimi si mhandisi. Nina stashahada ya masomo ya Kiislamu, na fizikia niliiaga kidato cha nne bila ya kuagana vizuri. Lakini swali lake lilinikaa. Nikafuatilia kwa karibu mwaka mzima, nikaandika barua, nikasoma, nikawauliza wahandisi wawili wanaoswali msikiti wetu. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata, na nayaandika kwa sababu najua si yeye peke yake. Wengi katika nyinyi mnaomaliza hapa huingia gereji, bandarini, viwandani na kwenye ujenzi, na siku moja mtataka kupanda.

Kwanza, cheti hicho kitatambuliwa na nani?

Siku ile alipokuja alikuwa na karatasi mfukoni. Ilikuwa risiti. Alikwisha kulipa shilingi laki sita kwa wakala mmoja mjini, ikiwa ni awamu ya kwanza ya shahada ya uhandisi wa umeme kutoka chuo cha ng'ambo, kwa njia ya intaneti, muda wa miezi minane. Mtihani hakuna, sharti la hesabu hakuna, na ile miaka yake saba ya kazi imehesabiwa kuwa ni nusu ya masomo. Alikuwa na furaha. Niliitazama karatasi ile, na kwa kuwa sikuwa najua lolote, nikamwuliza swali tunaloliuliza sisi watu wa madrasa: anayekupa cheti hiki, yeye kapewa na nani?

Nyote mnajua habari ya ijaza. Mtu hawezi kusimama akasema nimehitimu kisomo, tukamkubalia kwa kuwa ana karatasi nzuri yenye muhuri wa dhahabu. Tunauliza kasoma kwa nani, na huyo kasoma kwa nani, mpaka mnyororo ufike kwa watu wanaojulikana. Uhandisi nao una mnyororo wake, na kwa kweli ni mkali, kwani daraja likianguka au mota ikiua mtu, ni lazima ajulikane aliyetia sahihi.

Hapa Tanzania mnyororo huo una pete mbili kubwa. Ya kwanza ni ya elimu. Shahada ya chuo cha nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, ili itambuliwe. Vyeti vya ufundi na stashahada viko chini ya baraza linaloitwa NACTVET, ambalo zamani likijulikana kama NACTE. Pete ya pili ni ya taaluma, nayo ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kisheria, mtu hawi mhandisi kwa kuwa na shahada tu. Ni lazima asajiliwe na Bodi, na Bodi huangalia shahada yake imetoka wapi kisha humtaka afanye kazi chini ya usimamizi kwa muda kabla ya kumpa usajili kamili. Kenya nao wana bodi yao, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011.

Baina ya nchi na nchi ipo mikataba ya kutambuliana. Mkubwa ni ule wa Washington wa mwaka 1989, ulioanzishwa na Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Ireland, na Afrika Kusini ikaingia mwaka 1999. Huo unahusu shahada kamili ya uhandisi. Kuna na wa Sydney wa mwaka 2001 kwa ngazi ya kati, na wa Dublin wa mwaka 2002 kwa mafundi sanifu. Nimeutaja huu wa Dublin makusudi, kwa sababu vijana wengi hudhani kuna fundi na kuna injinia, na katikati hakuna kitu. Katikati kuna watu wengi mno, wana vyeo vyao na mishahara yao, na mara nyingi ndio wanaokifanya kiwanda kitembee.

Basi tulikitafuta kile chuo cha wakala katika orodha, hatukukiona. Tovuti yake ilisema kimeidhinishwa na shirika fulani la kimataifa. Tulipolitafuta shirika lenyewe, tukakuta kazi yake ni kuidhinisha vyuo vya namna ile ile tu, wala hakuna serikali inayolitambua. Kumbe hata mnyororo hughushiwa! Laki sita haikurudi. Wakala alihama ofisi, na simu yake ikawa haipatikani.

Lakini msidhani kwamba hatari ni matapeli peke yao. Yaliyotokea India yanatisha zaidi, kwa sababu vyuo vile vilikuwa vyuo kweli. Kuanzia mwaka 2001, vyuo vinne vyenye hadhi ya chuo kikuu viliwaandikisha watu katika shahada za uhandisi kwa njia ya posta, na wengi wao walikuwa watu wazima waliomo makazini wakitafuta kupanda daraja. Walisoma, wakafanya mitihani, wakapewa shahada, na wapo waliopandishwa vyeo kwazo. Vyuo havikuwa na idhini ya awali ya baraza la elimu ya ufundi la nchi. Idhini ilikuja kutolewa nyuma, baada ya watu kuwa wamekwisha kuingia.

Tarehe 3 Novemba 2017 Mahakama Kuu ya Upeo ya India ikatoa hukumu. Waliojiunga baina ya 2001 na 2005 shahada zao zilisimamishwa, pamoja na vyeo walivyovipata kwazo, mpaka wakafanye mtihani mpya wa baraza, na atakayefaulu arudishiwe. Waliojiunga baada ya hapo shahada zao zilifutwa, na vyuo vikaamriwa kuwarudishia ada. Mtihani wenyewe ulifanyika mwaka 2018. Hebu fikiri, mtu ana miaka arubaini na mitano, ni msimamizi, ana watu chini yake, anaambiwa rudi ukae kwenye dawati au ushuke cheo. Hakudanganya wala hakununua cheti. Kosa lake ni kutouliza swali moja kabla ya kulipa, au kuuliza akajibiwa na asiyestahiki kujibu.

Kwa hiyo nasema, na nitalirudia hata mkichoka nami: anzeni na pete ya mwisho ya mnyororo ndipo mrudi nyuma. Msikiulize chuo kama cheti chake kinatambuliwa, kwani muuza maziwa hasemi maziwa yake yana maji. Iulizeni Bodi, iulizeni TCU au NACTVET, tena kwa maandishi, na jibu lake mlihifadhi. Barua moja ya kijana wangu ilichukua wiki tano kujibiwa. Wiki tano si kitu mbele ya miaka sita.

Je, uhandisi unasomeka kwa mbali?

Swali hili nililiuliza kwa shaka, kwani sisi tumelelewa kuwa elimu huchukuliwa kutoka vinywani mwa walimu, na anayesoma kwa kitabu peke yake makosa yake huwa mengi. Nikakuta kwamba jambo lenyewe si geni hata kidogo, na cha ajabu ni kuwa lilianzia kwa wachimba makaa ya mawe.

Mwaka 1869, katika mgodi wa Avondale jimboni Pennsylvania, Marekani, moto ulizuka katika shimo ambalo lilikuwa na njia moja tu ya kutokea. Walikufa watu 110. Sheria zikaanza kutungwa, na ilipofika mwaka 1885 jimbo lile likataka wasimamizi wa migodi wafanye mtihani wa usalama kabla ya kupewa kazi. Sasa mchimba makaa atausomea wapi mtihani huo? Anaingia shimoni alfajiri, anatoka jua limezama. Mhariri mmoja wa gazeti la migodi, jina lake Thomas Foster, akaanza kuchapisha maswali ya wachimbaji na majibu yake gazetini. Barua zikawa nyingi, na mwaka 1891 akaanzisha kozi kamili ya kupeleka kwa posta kutoka mji wa Scranton. Mwanafunzi anapewa kijitabu, anajibu maswali, anatia kwenye bahasha, mwalimu anasahihisha na kumrudishia. Kozi zikapanuka mpaka zikafika umeme, mitambo na uchoraji wa ramani za mashine, na waliojiandikisha wakafika malaki ya watu. Mmoja wao alikuwa fundi wa reli, Walter Chrysler, ambaye mwaka 1925 alianzisha kampuni ya magari yenye jina lake. Na kwa kuwa ni lazima tuseme kweli yote, wengi katika wale malaki hawakumaliza kozi zao.

Waingereza wao walianzisha Chuo Kikuu Huria chao mwaka 1969, na wanafunzi wa kwanza wakaanza Januari 1971. Vipindi vilirushwa na BBC nyakati ambazo watu wamelala, hasa alfajiri. Wanafunzi wa sayansi walipelekewa majumbani hadubini ndogo na vifaa vya majaribio, na mara kwa mara waliitwa kukaa wiki moja katika chuo cha jirani wafanye yale yasiyoweza kupita kwa posta. Siku hizi, tangu mwaka 2013, chuo hicho kina maabara ambayo mwanafunzi huendesha kifaa halisi kutoka nyumbani kwake kwa njia ya intaneti. Afrika Kusini nao wana UNISA, iliyoanza kufundisha kwa posta mwaka 1946, na mwaka 2004 ikaungana na chuo cha ufundi cha masafa kilichoitwa Technikon SA. Sisi tuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kwa sheria ya mwaka 1992, ingawa uhandisi sio uliokuwa shabaha yake kuu.

Ukitazama wote hawa utaona jambo moja. Hakuna hata mmoja aliyedai kuwa uhandisi wote hupita kwenye bahasha. Hesabu hupita. Nadharia ya umeme hupita, elimu ya joto hupita, nguvu za vyuma na zege hupita. Mkono ndio usiopita. Kwa hiyo chuo cha kweli kitakuita maabara wiki moja au mbili kwa muhula, au kitataka daftari la kazi lililotiwa sahihi na msimamizi wako, au vyote viwili. Chuo kikikwambia hutahitaji kugusa kitu mpaka siku ya mahafali, kikimbie.

Na hapa ndipo aliyemo kazini anapompita mwanafunzi wa kawaida. Nitatoa mfano mmoja alionieleza kijana wangu mwenyewe, nami nikaurudia mara tatu mpaka ukaniingia.

Kila mota kubwa ina kibati ubavuni. Kimoja cha kiwandani kwao kimeandikwa kilowati 11, volti 400, pawa fakta 0.85. Kwa miaka saba kijana huyu akibana waya wa mota ile kwa klampu mita, mita inasoma kama ampia 21. Ikisoma 21 anaondoka, ikisoma 28 anajua kuna ubaya. Kwa nini 21? Hakujua. Alifundishwa kuwa "ni ya kawaida." Kitabu cha kwanza cha umeme alichopelekewa kilimwonyesha: chukua wati 11,000, gawa kwa 400, gawa kwa 1.73, gawa kwa 0.85, kisha gawa kwa ufanisi wa mota, tuseme 0.9. Jibu ni 20.8. Akanijia siku hiyo macho yamemtoka. Lakini hakutosheka, akauliza hiyo 1.73 imetoka wapi, na hapo kitabu kikampeleka kwenye nyaya tatu ambazo mawimbi yake yamepishana kwa nyuzi 120, na kwenye pembetatu, na kumbe 1.73 ni kipeuo cha pili cha tatu, kile kile alichokikimbia kidato cha tatu.

Mwanafunzi wa darasani huipata 20.8 kwenye karatasi na kusonga mbele. Huyu alikwenda kesho yake akapima mota tisa, akakuta moja inakula zaidi ya hesabu, akamwambia msimamizi wake, na beringi ikakutwa inakaribia kufa. Al-Jazari, aliyekimaliza kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, alikuwa mtumishi wa watawala wa Diyarbakir na alieleza vyombo alivyovitengeneza kwa mikono yake. Nadhani angempenda kijana huyu.

Habari ya saa

Watu huuliza ada, mimi nawaambia waulize saa, kwani ada huweza kukopwa. Katika vyuo vya Uingereza shahada ya heshima ni krediti 360, na kila krediti moja huhesabiwa kuwa ni saa kumi za kusoma. Hizo ni saa 3,600. Mwanafunzi wa masafa kwa kawaida huchukua krediti 60 kwa mwaka, yaani saa 600, na hivyo humaliza kwa miaka sita. Ukizigawa zile saa 600 kwa wiki zipatazo 33 za masomo, unapata kama saa 18 kwa wiki. Stashahada huwa pungufu ya hapo kwa jumla, lakini kwa wiki mzigo ni wa namna hiyo hiyo.

Saa 18 utazitoa wapi? Kijana wangu anafanya kazi kwa zamu. Wiki moja anaingia saa moja asubuhi, wiki ya pili saa tisa alasiri, wiki ya tatu saa tano usiku. Ratiba za kusoma zinazoandikwa vitabuni ni za watu wanaolala usiku, yeye hazikumfaa. Akapanga kwa zamu. Wiki ya zamu ya asubuhi ndiyo yake ya kusoma sana: anarudi, analala mpaka Alasiri iingie, na baada ya Isha anakaa saa tatu. Wiki ya zamu ya alasiri anasoma baada ya Alfajiri, kichwa kikiwa bado safi, na hapo ndipo anapoweka hesabu. Wiki ya zamu ya usiku hagusi hesabu kabisa. Alijaribu mara moja akatumia saa mbili kwenye swali moja, kesho yake akagundua alinakili swali vibaya. Wiki hiyo anasoma mambo ya maelezo tu, kama usalama kazini na aina za vyuma, au anaandika kwa safi zile kazi za kutuma chuoni.

Kuna mambo madogo ambayo hayaandikwi kwenye fomu za chuo. Kusoma michoro ya umeme kwenye simu kunaua macho, kwa hiyo kila mwezi hutenga fedha za kuprinti steshenari. Bando huliweka mbali na bando la nyumbani, la sivyo huisha kwa katuni za watoto. Umeme ukikatika ana taa ya kuchaji. Msimamizi wake alimwandikia barua kwa chuo, na kwa kuwa aliombwa mapema, hubadilishana naye zamu siku za mitihani. Aliyefanya kazi kubwa kuliko wote ni mkewe, ambaye kwa miezi ya kwanza aliona mume yumo ndani na hayumo. Walikaa, wakazungumza, wakakubaliana kuwa Ijumaa kutwa nzima kitabu hakifunguliwi. Mimi naona Ijumaa hiyo ndiyo iliyomfikisha mwaka wa pili.

Na upweke nao upo. Darasani ukikwama unamgeukia jirani. Huku unakwama usiku wa manane, peke yako, na mwalimu atajibu Jumatatu. Mwezi wa tatu alitaka kuacha. Tukamtafutia mwalimu wa hesabu wa sekondari ya jirani, saa mbili kila Jumamosi kwa malipo madogo, na kiwandani akawapata wenzake wawili wanaosoma mambo yanayokaribiana na yake. Nimegundua kuwa hata katika elimu ya masafa mtu huhitaji halaka yake.

Mlango wenyewe ni hesabu

Nimeliweka jambo hili nyuma, nalo ndilo lililokuwa mbele. Baada ya lile la wakala, tulipoanza kutafuta vyuo vya kweli, kila kimoja kilimwuliza alipata nini katika hesabu kidato cha nne. Alipata F. Wala hakuwa mjinga. Katika shule aliyosoma, kwa muda mrefu wa kidato cha tatu na cha nne hawakuwa na mwalimu wa somo hilo.

Kujiunga na masomo ya ufundi ngazi ya cheti na kupanda hadi stashahada, kwa kawaida hutakiwa ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, na kwa uhandisi hesabu na fizikia huwamo humo. Na hili nawaambia nyinyi wa madrasa hasa: somo la dini halihesabiwi katika yale manne. Nimewaona vijana wetu wana A ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, nami nimeifurahia, kisha wakahesabu wanayo manne, kumbe ni matatu. Jueni mapema, msije mkaambiwa dirishani.

Basi mtu mzima wa miaka ishirini na minane alijiandikisha kuwa mtahiniwa wa kujitegemea, somo moja, hesabu. Mwezi wa Novemba akakaa chumba kimoja na watoto waliokuwa wakimwamkia shikamoo. Alinisimulia kuwa msimamizi wa mtihani alimwuliza kwa adabu kama amemleta mdogo wake. Kwa miezi minane kabla ya hapo alikuwa akianza na sehemu na desimali, vitabu vya darasa la saba, akavifunika kwa gazeti ili wenzake kazini wasione. Matokeo ya Januari yalimpa C. Kwa wengine C ni alama tu. Yeye aliibandika ukutani.

Chuo alichojiunga nacho baadaye sikitaji, kwa kuwa makala haya si tangazo, na kinachomfaa fundi umeme wa Tanga huenda kisimfae fundi wa meli wa Mombasa au wa Unguja. Nitasema tu kwamba kiko kwenye orodha, kinamwita maabara mara mbili kwa mwaka, na kwamba anasomea stashahada, si shahada. Alitaka shahada moja kwa moja. Mhandisi mmoja wa msikitini kwetu ndiye aliyemgeuza: stashahada ni cheti kinachosimama chenyewe, na mwenye nayo akikwama njiani kwa maradhi au kwa riziki, hakurudi mikono mitupu, ilhali aliyeacha shahada mwaka wa tatu hana cha kuonyesha. Akimaliza ataombea shahada kwa kupitia hiyo hiyo.

Hivi sasa yumo mwaka wa pili, na mwezi wa Novemba ana mitihani minne, ule wa elimu ya joto ukiwa ndio anaouogopa. Nyumbani mtoto wa tatu ameanza kutambaa na kuvuta karatasi, kwa hiyo ameniomba nafasi ya kusomea, nami nimempa chumba cha darasa la nne ambacho taa zake ni nzuri. Yupo humo Jumanne na Alhamisi baada ya Isha, isipokuwa wiki za zamu ya alasiri na ya usiku. Nakala za barua tulizoandika na majibu tuliyopewa ziko kabatini ofisini kwangu. Mwenye kutaka kuziona aje baada ya Alasiri, na mwenye swali la hesabu asiniulize mimi, amfuate yeye darasa la nne.